Vyungu vya Desemba
Mwongozo kwa wafinyanzi wa Kiritiri na vijiji vya jirani

Krismasi ya mfinyanzi huanza Julai

Kila Desemba watu wa kwetu Mbeere wanaofanya kazi Nairobi, Thika na Mombasa hurudi nyumbani, na wengi hutafuta kitu cha kwao cha kubeba wanaporejea mjini. Soko hilo lipo. Kinachotuangusha ni kalenda. Mvua za vuli huanza Oktoba na kufika Desemba, zikiwa ndizo tunazozitegemea kwa ndengu na mtama. Chungu kilichofinyangwa Novemba hukauka juu tu, huku maji yakibaki ndani ya udongo. Kikiingia motoni, maji hayo hugeuka mvuke ghafla na chungu hupasuka. Kwa hiyo udongo uchimbwe Julai, vyungu vifinyangwe Agosti na Septemba, na moto wa mwisho uwashwe kabla ya wingu la kwanza.

Jua udongo wako

Usiamini udongo kwa sababu ni mwekundu au kwa sababu jirani anautumia. Viringisha kipande chenye unene wa kidole, kisha ukizungushe kidoleni. Kikikatika, udongo hauna mvuto wa kutosha. Halafu tengeneza kibao, chora juu yake mstari wa sentimita 10, ukianike kivulini hadi kikauke kabisa, upime mstari tena. Ukibaki sentimita 9, udongo umepungua kwa asilimia 10. Ukipungua zaidi ya hapo, changanya mchanga laini au vigae vya vyungu vikuukuu vilivyopondwa na kuchekechwa. Ule udongo mweusi unaopasuka mashambani wakati wa kiangazi haufai peke yake: huvimba ukilowa na kunywea mno ukikauka.

Toa kila kijiwe cheupe cha chokaa. Baada ya kuchomwa, chokaa hunyonya unyevu wa hewa, huvimba, na siku kadhaa baadaye hubandua kipande cha chungu ambacho tayari kiko mezani kwa mteja. Hakuna linaloharibu jina la kikundi upesi kuliko hilo.

Vitu vya sikukuu viwe vidogo na vyembamba: vinara vya mishumaa, nyota na kengele za kutundika kwenye mti, wanyama wa horini, vyungu vya maua. Sanamu nene ichimbwe ndani na kuachiwa tundu, maana hewa na unyevu vilivyofungiwa ndani vinahitaji njia ya kutokea.

Njia mbili za kung'arisha

Hapa tunaomba msomaji asome polepole, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea.

Njia ya kwanza ni kusugua. Chungu kikiwa kimekauka nusu, kigumu kiasi cha kushikika lakini bado kina ubaridi mkononi, kipakwe uji mwembamba wa udongo mwekundu uliochujwa. Kisha kisuguliwe kwa jiwe laini la mtoni, polepole, mpaka king'ae. Kichomwe kwa moto wa wazi wa kuni, ambao kwa kawaida hufika nyuzi 600 hadi 900 za Selsiasi. Ukitaka kiwe cheusi, kifunike kingali na moto kwa majani makavu, pumba za mbao au samadi, uzibe hewa. Moshi huingia katika udongo na kubaki humo. Dame Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kujifunza kwa wafinyanzi wa Abuja, Nigeria, kabla ya kuhitimu Royal College of Art, London, mwaka 1982, hufinyanga kwa mkono na kusugua hivyo hivyo. Kazi zake ziko katika majumba makubwa ya makumbusho duniani, na hazipakwi glezi, ule utando wa kioo tutakaoueleza hapa chini. Usikubali kuambiwa kwamba chungu kisicho na glezi ni kazi ya kishamba.

Njia ya pili ni glezi, yaani unga wa mchanga wa silika, udongo na madini ya kuyeyusha, unaopakwa ukiwa na maji na kugeuka kioo motoni. Glezi za udongo mwekundu kwa kawaida huhitaji nyuzi 1,000 hadi 1,150, na glezi za majivu ya kuni huhitaji hata zaidi ya 1,200. Moto wa wazi haufiki huko kwa uhakika. Lazima uwe na joko la umeme, la gesi, au la kuni lililojengwa vizuri. Na udongo wetu mwingi mwekundu ukifika 1,200 huvimba au kulegea. Ndiyo maana njia hizi mbili hazichanganyiki: mng'ao wa kusugua hufifia katika joto ambalo glezi inalihitaji.

Kazuri, karakana iliyoanzishwa Karen mwaka 1975 na Susan Wood akiwa na wanawake wawili, ilijenga jina kwa shanga za udongo zenye glezi. Kikundi kinachotaka njia hiyo kianze na shanga na nyota ndogo, ambazo mamia yake huingia katika joko moja, badala ya mitungi mikubwa. Kama hamna joko, tafuteni chuo kinachofundisha ufinyanzi na mlipie nafasi.

Risasi haina nafasi jikoni

Kuna watu wanaoyeyusha madini ya betri kuukuu za magari ili kupata mng'ao wa bei rahisi katika moto mdogo. Hiyo ni risasi, na ni sumu. Uji uliochacha, ukwaju au maji ya ndimu huitoa chunguni na kuipeleka tumboni mwa mtoto, ambako huharibu ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Nunua glezi iliyoandikwa kwamba haina risasi na inafaa kwa vyombo vya chakula. Rangi ya mafuta na vanishi zibaki kwenye mapambo, na mteja aambiwe waziwazi asiweke chakula humo. Unga wa glezi na vumbi la udongo mkavu huumiza mapafu. Pangusa kwa kitambaa kibichi, usifagie pakavu, na watoto wasikae karibu.

Bei na safari

Mkichoma vinara 20 na 4 vikapasuka, gharama ya vyote 20 ibebwe na 16 vilivyobaki. Hesabuni kuni, nauli, na siku za kuchimba udongo, kwa sababu jasho la mama ni gharama. Kuni ziwe matawi yaliyopogolewa na mabaki ya maseremala. Mbeere imekwisha kupoteza miti mingi kwa makaa.

Huko Nairobi, soko la Maasai Market huhama kulingana na siku, kwa hiyo ulizeni kwanza mahali na ada ya nafasi. Fungeni kila kitu kwa nyasi kavu ndani ya boksi, na boksi lisipande juu ya matatu. Bandikeni karatasi ndogo yenye jina la kikundi, Kiritiri, na namba ya M-Pesa.

Nyota na kengele zilizobaki zihifadhiwe pakavu hadi mwaka ujao. Lakini soko haliishi na sikukuu: Januari na Februari ni miezi ya jua kali, na chungu kisicho na glezi hupoza maji kwa kuyaachia yapenye kidogo kidogo na kukauka juu yake. Basi mnapopanga kazi ya Agosti, kila moto uwe na nafasi ya mitungi michache ya maji.