Kiungo, Lakabu na Kielekezi: Utata wa Istilahi Moja katika Uwashaji wa Tarakilishi

Neno ‘kiungo’ limetwikwa mzigo mzito. Mpishi ana viungo vyake, tabibu ana vyake, na mtumiaji wa intaneti naye hubofya chake. Katika mifumo ya Linux neno hilo hilo hutajia vitu viwili visivyofanana.

Cha kwanza ni jina la ziada la faili ile ile. Majina yote yana hadhi sawa. Likifutwa moja, yaliyomo husalia hadi jina la mwisho liondolewe. Cha pili, kilichoingia katika Unix kupitia toleo la 4.2BSD la mwaka 1983, ni faili ndogo ambayo ndani yake mmeandikwa anwani ya faili nyingine, basi. Faili lengwa ikifutwa, anwani hubaki ikielekeza pasipo na kitu.

Tofauti hii hudhihirika tarakilishi inapowashwa. Programu ya systemd, iliyoasisiwa na Lennart Poettering na Kay Sievers mwaka 2010, ndiyo huanzisha huduma katika matoleo mengi ya Linux. Faili za usanidi zilizoandikwa na msimamizi hukaa katika /etc/systemd/system, nazo hushinda zenye jina sawa katika /usr/lib/systemd/system. Msimamizi akitaka huduma iamke pamoja na tarakilishi, mfumo hauigusi faili ya huduma. Kwa kawaida huunda kitu cha aina ya pili katika saraka ambayo jina lake huishia kwa ‘.wants’. Akighairi, hicho ndicho hufutwa. (Mfumo wa kale wa System V nao ulitumia mbinu iyo hiyo: herufi S ya kuanzisha, K ya kusimamisha, na tarakimu mbili za kupanga zamu.)

Basi mwongozo wa Kiswahili unaposema tu ‘faili hii ina kiungo’, msomaji aelewe nini? Akiifuta faili aliyoiandika mwenyewe akidhani jina la pili litaihifadhi, ameipoteza.

Yafaa aina ya kwanza iitwe ‘lakabu’: malenga huitika kwa jina na kwa lakabu, na mtu ni yule yule. Ya pili iitwe ‘kielekezi’. Wapo wanaoliita hivyo pia lile alama linalosogezwa kwa kipanya, lakini ‘kishale’ kinatosha hapo. Pingamizi zito zaidi linaihusu lakabu, kwani hudokeza kuwa lipo jina la asili na jina la kupachikwa, ilhali tarakilishi haitambui ukubwa wala udogo baina ya majina hayo.