Shoka, kashoka na panga: uliza kwanza kama unachokata kinapaswa kuishi



Nyumba nyingi za wakulima kati ya Butembo na Beni ziko na chuma kimoja tu cha kukatia: panga. Panga lile lile linafyeka majani asubuhi, linakata mkungu wa ndizi saa nne, linavuna kakao, linapasua kuni jioni, na kesho yake linapogoa kahawa. Hatuwezi kulilaumu. Ni jepesi, bei yake inawezekana, na kila mtoto wa kijiji anajua kulitumia. Lakini ukitembea polepole katika mashamba yetu na kuangalia vidonda vya miti, utaona hasara nyingi zimepita katika panga hilo.

Basi somo la leo ni juu ya vyuma vitatu: shoka, kashoka ka mkono mmoja, na panga. Watu wanapenda kuuliza ni kipi kinakata zaidi. Mimi nataka tuulize kwanza swali lingine: hiki ninachotaka kukata kinapaswa kufa, ao kinapaswa kuendelea kuishi?

Kama kinapaswa kufa

Hapa mambo ni ya nguvu na uzito. Shoka la kuangusha miti lina kichwa cha kilo 1.5 mpaka 2, na mpini wa santimeta 70 mpaka 90. Uzito karibu wote uko mwisho wa mpini, kwa hiyo chuma chenyewe kinafanya kazi. Wewe unakiinua na kukielekeza tu. Panga lina kama nusu kilo, na uzito huo umetandazwa kwa urefu wote wa ubavu. Linakata kwa mwendo wa haraka na kwa makali membamba. Kwenye majani, matete, mgomba na vijiti vibichi, shoka haliwezi kushindana nalo. Kwenye mti mgumu linadunda, mkono unachoka, na kifundo kinaanza kuuma.

Kipimo chepesi cha shambani: mti ulio mnene kuliko kifundo cha mkono wako, acha panga. Ulio mwembamba kuliko hapo, acha shoka.

Hata kwa vijiti kuna namna. Usikate kwa kupiga pembeni moja kwa moja. Piga kwa mshazari. Ukiweza, pinda kijiti kwa mkono mwingine ili nyuzi zivutike, kisha piga upande uliovutika, mbali na mkono ulioshika. Kijiti kitakatika kwa pigo moja. Ila kata karibu kabisa na udongo. Kisiki cha mshazari kilichoachwa santimeta 20 juu ni mkuki, na wengi wetu tunalima na sandali.

Kashoka kako katikati: kichwa cha gramu 600 mpaka 900, mpini wa santimeta 35 mpaka 40. Wengi wanafikiri kwamba kwa sababu ni kadogo, hakana hatari. Ni kinyume. Shoka refu likikosa mti, mara nyingi linamalizia udongoni mbele yako. Kashoka kakikosa, safari yake inaishia gotini ao kwenye mfupa wa mguu. Kwa hiyo kashoka usikatumie umesimama wima na kipande cha mti kiko chini. Piga goti, weka kuni juu ya gogo pana, na gogo liwe kati yako na makali. Kwa mama ama kijana anayepasua kuni nyembamba kuna njia nzuri zaidi: gusisha makali juu ya kichwa cha kuni, inua kuni na kashoka pamoja, na kuvigonga pamoja juu ya gogo. Hakuna kurusha chuma hewani, na kuni inafunguka. Panga nalo linaweza kupasua namna hiyo: uliweke juu ya kuni, kisha upige mgongo wake na rungu la mti. Rungu la mti, siyo nyundo. Nyundo inapasua panga.

Ekaliptusi: unaukata, lakini haufi

Miti hii imejaa kwenye vilima vyote vya Butembo na Lubero, na mbao, nguzo na makaa yetu mengi yanatoka humo. Hapa swali letu linakuwa na majibu mawili kwa mti mmoja: shina linaanguka, lakini kisiki kinapaswa kuishi na kutoa machipukizi kwa mavuno mengine.

Vijana wakikosa shoka wanazunguka mti na panga, wakitafuna kidogo kidogo kama panya. Mti unaanguka, ndiyo, lakini kisiki kinabaki kimechanika na ganda limeachana na mti. Machipukizi yanatoka chini ya ganda. Ganda likiwa limeachia, chipukizi halina mahali pa kushika, na upepo wa kwanza wenye nguvu unalivunja likiwa bado changa.

Na shoka, kata kwanza upande mti utakaoangukia, mpaka kama theluthi moja ya unene. Halafu nenda upande wa nyuma na ukate juu kidogo ya ule mkato wa kwanza. Kwenye mteremko usiuangushe moja kwa moja kuelekea bondeni: unapasuka na unaweza kuteleza mpaka shamba la jirani. Uangushe kwa ubavu wa kilima, nawe usimame upande wa juu, ukiwa umesafisha njia ya kukimbilia. Mti ukilala, rudia kisiki: kiwe kifupi, kama santimeta 10, uso wake uiname kidogo ili maji ya mvua yashuke, na ganda libaki limeshika pande zote. Machipukizi yakifika urefu wa mtu, acha mawili ao matatu yenye nguvu na toa mengine. Hiyo ya mwisho ni kazi ya panga.

Kama kinapaswa kuishi

Hapa ndipo ningependa tukae zaidi, sababu ndipo pesa zetu zinapotea bila kuonekana.

Tuanze na kahawa. Wazee wa Beni wanakumbuka robusta ya miaka ya 1990, mashamba yaliyobaki fito kavu. Ule ulikuwa mnyauko wa kahawa, ambao maagronomu wanauita trakeomikozi. Uligunduliwa 1927 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, na ng'ambo ya mpaka wetu, Uganda, ulionekana 1993. Ni kuvu inayoziba mishipa ya mti. Majani yanageuka manjano, yanaanguka, na ukikwangua ganda unaona mti ndani una rangi nyeusi ya samawati. Kuvu hiyo inaingia kupitia vidonda. Na nani anatia vidonda kwenye shina la kahawa? Ni sisi, tunapofyeka majani na panga mpaka kwenye mguu wa mti, kila palizi, mti baada ya mti, na makali yale yale.

Kwa hiyo kuzunguka shina, kama mita moja, panga lisifike. Ng'oa majani na mkono, ama weka matandazo ya majani makavu. Ukikuta mti wa robusta wenye dalili, ung'oe na mizizi yake (hapo shoka na jembe vinasaidiana) na uuchome hapo hapo. Usibebe fito zake nyumbani kama kuni, hata kama kuni ziko mbali. Ugonjwa huu umesafiri mbali sana juu ya mabega ya watu wanaotafuta kuni.

Na kwa kahawa iliyozeeka, arabika ya Kyondo ama ya Mutwanga, unayotaka kuifufua: usitumie panga, usitumie shoka. Vyote viwili vinakata kwa kugonga, na kugonga kunapasua shina kwa ndani mahali usipoona. Maji yanaingia, kisiki kinaoza kutoka katikati. Tumia msumeno. Kata santimeta 30 mpaka 40 kutoka udongoni, kwa mshazari, mavuno yakiisha na mvua zikikaribia. Matawi membamba ni kazi ya sekateri.

Kakao iko na siri yake. Wakulima wengi wa Beni waliigeukia baada ya robusta kufa, na wengine walileta tabia za panga la kahawa. Maua ya kakao yanatoka kwenye vivimbe vidogo juu ya shina na matawi, na kivimbe kile kile kinatoa maua mwaka hata mwaka. Ukivuta tunda ama ukilipiga na panga kwa hasira, unang'oa kivimbe. Unachukua tunda moja na kutupa matunda yote ambayo yangekuja hapo. Kata kikonyo na sekateri, ukiacha kipande kidogo kwenye mti. Matunda ya juu, tumia kisu cha ndoano juu ya fito ndefu, siyo kupanda mti.

Halafu kupasua tunda. Panga linakata tunda, na linakata mbegu pia. Mbegu iliyokatwa inaingiza ukungu na wadudu, na mnunuzi anayeipima kwa kuikata katikati ataiona tu. Piga tunda na rungu, ama ligonge juu ya jiwe. Chuma hakihitajiki hapa hata kidogo. (Na vidole vinabaki vitano.)

Mwisho ndizi, na hii ni ya haraka kabisa. Mnyauko wa bakteria ulionekana Masisi, katika Kivu hii yetu ya Kaskazini, mwaka wa 2001, na umetembea nasi tangu hapo. Njia zake kubwa ni wadudu wanaotembelea ua la dume, na panga. Panga lililokata mgomba mgonjwa linabeba ule utomvu wa manjano mpaka mgomba mzima, hata kama ni kwa kukata jani moja la kufunikia ugali.

Ua la dume, ule moyo mwekundu unaoning'inia, livunje na kijiti chenye panda mara tu chana la mwisho likijitokeza. Kijiti, siyo panga. Mgomba wenye dalili ukate chini kabisa usawa wa udongo, peke yake, na usiuburute kupita katikati ya mingine. Na kabla ya kuhamia shina jingine, pitisha makali juu ya moto mpaka yawe ya moto ya kutoweza kuguswa, ama yachovye katika maji ya javeli: kikombe kimoja cha javeli kwa vikombe vitano vya maji. Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, sisi wote tuliosha mikono na maji ya klori kwenye kila mlango wa Beni na Butembo. Panga nalo lina mikono yake. Jioni lioshe na maji safi, ulikaushe na kulipaka mafuta kidogo, sababu javeli inakula chuma.

Nini kinunuliwe kwanza

Kwa maoni yangu: kila nyumba iwe na panga lake na tupa lake. Shoka na msumeno vinunuliwe na kikundi cha nyumba tano ama sita, viandikwe katika daftari, na anayevichukua atie sahihi. Sekateri ije kabla ya kashoka. Kashoka ni cha mwisho, isipokuwa kwa anayechonga nguzo ama anayeuza kuni. Shoka la mhunzi wetu, lililofuliwa kutoka resori ya gari, mara nyingi linashinda lile la dukani lenye rangi nzuri. Angalia tu kama tundu la mpini limenyooka. Mpini uwe wa mti mkavu ambao nyuzi zake zinakimbia kwa urefu, bila fundo.

Tupa lisikosekane. Wenzetu wa upande wa Oicha na Mbau wanajua kwamba tangu 2014 masaa ya shambani yamepunguka. Watu wanaenda kwa kikundi na kurudi mapema. Shoka butu linakula masaa hayo machache. Noa kabla ya kutoka nyumbani, ukisukuma tupa kuelekea makali upande mmoja, kisha mwingine. Na safarini, juu ya pikipiki ama kwa miguu, makali yafungwe katika ala. Kipande cha tairi ya zamani kilichokunjwa na kufungwa na kamba kinatosha.

Katika mkutano unaokuja, kila kikundi kilete panga moja lililochakaa, kifito cha kahawa na tunda moja la kakao. Tutakata pamoja kifito hicho, nusu na panga na nusu na msumeno, na kuangalia ndani.