Dondoo Muhimu: Kubuni Bizimu ya Pete Mbili

Bizimu, yaani kifaa kinachounganisha ncha mbili za mkanda, inaweza kubuniwa bila ulimi wala matundu kwa kutumia pete mbili za nusu duara zinazoushika mkanda kwa msuguano, yaani ukinzani unaotokea nyuso mbili zinapogandamizana.

• Vipimo: Upande ulionyooka wa pete, ukipimwa kwa ndani, uzidi upana wa mkanda kwa milimita 1 hadi 2, kwa kuwa nafasi kubwa huufanya mkanda uyumbe na nafasi finyu huzikunja kingo zake.

• Malighafi: Waya wa chuma cha pua wenye unene wa milimita 3 hadi 4 hufaa, ilhali pete zilizopakwa nikeli ziepukwe panapoguswa ngozi, kwani huweza kusababisha mzio, yaani mwitikio wa mwili unaokikataa kitu fulani.

• Ushonaji: Ncha moja ipitishwe ndani ya pete zote mbili, ikunjwe kwa sentimita 4 hadi 5, kisha ishonwe kwa mraba wenye mishono miwili inayokatizana, huku kiungo cha waya kikifichwa ndani ya mkunjo.

• Ufungaji: Ncha ya pili hupenyezwa katika pete zote mbili, ikarudishwa juu ya pete ya juu na kuingizwa ndani ya ile ya chini, hivyo kila inapovutwa hubanwa zaidi.

• Angalizo: Muundo huu hufaa utepe wa pamba au turubai, lakini ngozi nene haikunjiki vya kutosha, nayo inahitaji bizimu yenye ulimi.