Nyoka wa Pemba na Ndugu Zake wa Bara

Sisi tunaosoma elimu ya wanyama tuna swali tunalolipita haraka: nyoka wa kisiwani akitofautiana na wa bara, ni spishi nyingine au ni yule yule?

Natriciteres ni nyoka wadogo wa majimaji, walaji wa vyura, wasiomdhuru mtu. Hapa Uganda tunaye Natriciteres olivacea katika vinamasi. Wa Pemba alielezwa na Arthur Loveridge mwaka 1935 kama tawi tu la nyoka wa bara. Leo anahesabiwa spishi kamili, Natriciteres pembana, na hapatikani kwingine duniani.

Tazama kina cha bahari. Mkondo wa Unguja ni wa kina kidogo, hivyo enzi ya barafu, bahari iliposhuka, nyoka walifika Unguja kwa nchi kavu. Maji yamewatenga kwa takriban miaka 10,000 tu. Mkondo wa Pemba una kina cha mita 800 hivi. Huo haukukauka.

Tofauti hupimwa kwa kuhesabu magamba ya tumboni na ya chini ya mkia, na hapa wengi huteleza, kwa uvivu zaidi kuliko ujinga, naona mimi. Dume ana mkia mrefu kuliko jike. Ukilinganisha madume ya kisiwani na majike ya bara, utapata tofauti ambayo bahari haikuileta. Tena Natriciteres hukatika mkia akishikwa, na hauoti tena. Mkia uliokatika usiuhesabu. Hata joto la mayai hubadili idadi ya magamba, ndiyo maana siku hizi vinasaba huchunguzwa pia.

Jibu lina uzito. Swila weusi wa São Tomé walisemekana kuletwa na Wareno wale panya. Mwaka 2017 Luis Ceríaco na wenzake walionyesha kuwa ni spishi ya kisiwani hapo, Naja peroescobari. Aliyedhaniwa mgeni ni mwenyeji asiye na kwao kwingine.

Je, Ssese? Ziwa Victoria lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, kwa hiyo natarajia nyoka wa Bugala wafanane sana na wa Masaka. Lakini matarajio si ushahidi, na sehemu kubwa ya msitu wa Bugala imekwisha kuwa mashamba ya michikichi. Anayetafuta mada ya mradi apande feri pale Bukakata, aanze na magamba ya madume, msitu uliobaki ungalipo.