Kufundisha Makadirio ya Saa katika Kiingereza

Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja aliwaandikia wanafunzi wa Darasa la Sita sentensi hii ubaoni: "Bring your exercise books by two o'clock." Akawafasiria kuwa wayalete madaftari "yapata saa nane". Ilipotimia saa nane na dakika kumi, madaftari mengi yalikuwa hayajafika, naye akawakaripia. Watoto hawakuwa na kosa; walitii tafsiri waliyopewa.

Neno "by" halikadirii, bali huweka mpaka. Daftari likiletwa saa sita ni sawa, saa nane kamili ni sawa. Dakika moja baadaye ni kuchelewa. Maana yake hasa ni "ifikapo saa nane liwe limekwisha letwa". Lenye maana ya yapata ni "about", ambalo huruhusu pande zote mbili: saa nane kasoro dakika kumi, au saa nane na dakika kumi. "Around" hufanana nalo mno, na katika shule ya msingi sioni haja ya kuyatenganisha.

Pagumu zaidi ni penye neno letu "karibu". Tusemapo "karibu saa nane" twaweza kuwa tunakadiria tu. Lakini "nearly" na "almost" hayavuki saa: asemaye "It is nearly two o'clock" anakiri kuwa saa nane haijatimia. Mtoto akisema hivyo saa nane na dakika tano, amekosea, hata kama tafsiri yake ya Kiswahili yapendeza. "Towards" nalo hukaa upande huo wa kabla, ila hutaja kipindi kinachosogea. "Towards evening" ni jioni ikikaribia.

Kabla ya yote hayo, hakikisha darasa limezoea kuwa saa nane yetu ni "two o'clock" yao. Bila hivyo tofauti ya saa sita itawapoteza. Kisha chora mstari ubaoni, na katikati yake tia alama ya saa nane. Waite watoto wapake chaki mahali panaporuhusiwa na kila neno: kwa "about", pande mbili karibu na alama, kwa "nearly", kushoto tu, karibu na alama, kwa "by", kushoto kote hadi kwenye alama yenyewe. Usiwasahihishe upesi, waache wabishane. Siku ya pili agiza tena madaftari yaletwe "by two o'clock", nawe usitafsiri.