Damu Ichukuavyo Oksijeni na Kuiachilia

Mtu aweza kukaa siku kadhaa bila chakula, lakini akikosa pumzi dakika chache tu hufa. Mwili hauna ghala kubwa ya kuwekea oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa itupayo uhai. Sharti iletwe daima, na mchukuzi wake ni damu.

Tone la damu lililo dogo kama kichwa cha pini lina chembe nyekundu zipatazo milioni 5. Ndani ya kila chembe mna kitu kiitwacho himoglobini, chenye madini ya chuma, nacho ndicho kiipacho damu wekundu wake. Damu ipitapo mapafuni, himoglobini huishika oksijeni, kisha moyo huisukuma damu hiyo hata ncha za vidole.

Lakini mchukuzi asiyetua mzigo ana faida gani? Himoglobini huutua pale hasa unapotakiwa. Mtu alimapo, misuli yake hupata joto, tena hutoa kwa wingi ile hewa chafu tuitoayo puani. Mambo hayo huilegeza himoglobini, ikaachilia oksijeni nyingi kuliko iachiliavyo kwa mtu aliyelala. Christian Bohr wa Denmark na wenzake walieleza mwaka 1904 jinsi hewa hiyo chafu ifanyavyo kazi hiyo.

Basi, kuna gesi iwezayo kuharibu yote hayo, nayo hutoka katika jiko la makaa. Jina lake ni monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu. Himoglobini huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ishikavyo oksijeni. Tena ile oksijeni kidogo iliyosalia hukazwa, isiachiliwe upesi. Mtu huvuta pumzi, na damu yake ni nyekundu, huku ubongo wafa kwa kukosa oksijeni.

Mahali pa baridi kama Limuru na Kinangop, wako walalao na jiko, milango na madirisha yamefungwa. Wengine hungoja moshi uishe ndipo waliingize ndani, wakidhani hatari imekwisha. Sivyo, makaa mekundu yasiyo na moshi bado hutoa gesi hiyo. Jiko na litolewe nje kabla ya kulala. Aumwaye kichwa, au aonaye kizunguzungu au kichefuchefu karibu nalo, atoke nje mara moja. Akutwaye hajitambui atolewe penye hewa safi, apelekwe hospitali hima. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya gesi hutoka katika damu kwa muda wa saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni tupu ya hospitali, kwa muda wa dakika 60 hadi 90 hivi.