Bei ya Haki na Dhambi ya Ukiritimba

Mkulima amevuna mahindi yake. Ghala lake ni dogo, mvua i karibu, na deni la hospitali lamngoja. Wanunuzi watatu wanafika kijijini, kila mmoja na gari lake. Wa kwanza anataja bei ya chini. Mkulima anakataa, anamwendea wa pili. Naye anataja bei ile ile. Wa tatu vile vile, kwani walikwisha kupatana njiani. Tena wanamtaka ajaze lumbesa kwa bei ya gunia la kawaida. Jioni mkulima anauza. Je, ameuza kwa hiari yake?

Wengine watajibu: ndiyo, maana hakuna aliyemshika mkono. Sisi twasema, la hasha. Tarehe 15 Mei 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa barua yake Rerum Novarum juu ya hali ya wafanyakazi. Humo alifundisha ya kuwa mtu akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa baya zaidi, ameonewa, ingawa alitamka kuwa amekubali. Baba Mtakatifu alinena juu ya mshahara. Lakini haki ni moja, nayo yahusu bei ya mahindi pia.

Wauzaji au wanunuzi wakipatana bei kwa siri, hiyo ni njama. Mmoja akiishika peke yake biashara ya kitu wanachokihitaji watu wote, huo ni ukiritimba. Matokeo ya yote mawili hufanana: mnyonge hana pa kwenda.

Mfano mkubwa ulionekana Marekani. Kampuni ya Standard Oil, iliyoanzishwa na John D. Rockefeller na wenzake mwaka 1870, ilipata kushika karibu sehemu 90 katika kila 100 za kazi ya kusafisha mafuta nchini humo. Ilipatana kwa siri na kampuni za reli ili ipunguziwe nauli ya mizigo, na wenye viwanda vidogo wakashindwa. Mwaka 1890 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuzuia ukiritimba, na tarehe 15 Mei 1911 Mahakama Kuu Kabisa ikaamuru kampuni hiyo ivunjwe. Zikatoka kampuni 34.

Miaka 20 baadaye, siku ile ile ya 15 Mei, mwaka 1931, Baba Mtakatifu Pius XI alitoa barua Quadragesimo Anno. Alifundisha ya kuwa ushindani una haki na faida ukiwekewa mipaka. Lakini ukiachwa bila mipaka hujiua wenyewe, na wachache wenye nguvu hutawala uchumi wote. Basi, Kanisa halimhukumu mtu kwa kuwa duka lake ni kubwa. Aliyekua kwa bidii na kwa bidhaa njema anastahili sifa. Kosa ni kuitumia nguvu hiyo kuwafungia wengine mlango.

Nchi yetu nayo ina sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza washindani kupatana bei, kususia biashara kwa pamoja, na kula njama katika zabuni. Tena yamkataza mwenye nguvu sokoni kuitumia vibaya. Tume ya Ushindani huchunguza na kutoza faini. Asiyeridhika hukata rufani katika Baraza la Ushindani. Lakini sheria hailali kijijini. Njama hufanywa gizani, na aliyeonewa akinyamaza, nani atajua?

Kwa hiyo twawasihi wasomaji wetu mambo matatu. Kwanza, wakulima wajue bei za masoko mengine kabla ya kuuza, na wauze pamoja katika vyama vya ushirika. Leo XIII aliitetea haki ya wanyonge kuungana. Lakini wavisimamie vyama hivyo kwa macho makali, maana kiongozi asiyeulizwa hesabu aweza kuwa bwana mwingine tu. Pili, aliyeonewa apeleke habari panapohusika, pamoja na risiti na mashahidi.

Tatu, twawaambia wafanyabiashara Wakristu. Katekisimu yahesabu kuwa ni kosa dhidi ya amri ya saba kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwenzako. Tungesema nini basi juu ya kuishusha kwa njia hiyo hiyo? Nabii Amosi aliwakemea waliopunguza kipimo na kuongeza bei, huku wakingoja kwa hamu sikukuu iishe wapate kuuza. Nao walikuwa watu wa kusali. Zakayo hakuishia kujuta; aliahidi kurudisha mara nne. Anayetoa sadaka Jumapili kwa fedha aliyomnyima mkulima Jumamosi, na aanze kwa kumrudishia mwenyewe.